Kutoka Deptford hadi Shepperton: Nikifuata Kasi ya Edgar Wallace

Ludgate Circus ni njia panda yenye kelele katikati ya London, chini kidogo ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, pale Fleet Street, uliokuwa mtaa wa magazeti, inapoanzia. Mabasi mekundu yanapinda, mawakili na makarani wanapishana mbiombio, na ni wachache wanaoinua macho kulitazama bamba la shaba lililobanwa ukutani kwa kumkumbuka Edgar Wallace. Liliwekwa hapo kwa sababu kona hii ndiyo aliyouzia magazeti akiwa mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, kabla hajawa mmoja wa waandishi waliosomwa kuliko wote wa zama zake. Alizaliwa 1875, akafa 1932. Katika miaka isiyotimia thelathini, tangu riwaya yake ya kwanza ya 1905, aliacha riwaya zaidi ya 170, tamthilia 18, hadithi fupi mamia kwa mamia, na mswada wa filamu uliokuja kuzaa King Kong. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wachapishaji wake walijigamba kwamba katika kila vitabu vinne vilivyouzwa Uingereza, ukiiacha Biblia, kimoja kilikuwa chake.

Nimepita kwa miguu na kwa treni katika mahali alipoishi, alipofanya kazi na alipozikwa, nikiwa na swali moja: kasi ya namna hii humfanyia nini mwandishi? Jibu la kawaida, ambalo wahakiki wamekuwa wakilitoa tangu Wallace akiwa hai, ni kwamba kasi huharibu lugha. Sentensi zinalegea, wahusika wanafanana, mtu aliyekufa sura ya tatu anasalimiana na watu sura ya tisa. Hayo yana ukweli, lakini naona ni makosa madogo. Mhariri mzuri huyarekebisha kwa kalamu. Hasara kubwa iko kwingine. Mwandishi anayekimbia hana muda wa kuyatilia shaka mambo ambayo wasomaji wake wameshayaamini. Anayachukua yalivyo na kuyajengea juu. Kama alikuwa ameyajua mambo hayo mwenyewe kabla ya kuanza kukimbia, kazi yake inapumua. Kama hakuyajua, anaandika dhana za watu na kuziita Afrika.

Greenwich, alikozaliwa, ni kitongoji kilicho kando ya mto Thames, na Ashburnham Grove ni mtaa wake tulivu wenye nyumba za matofali zilizoshikana. Mama yake alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mjane, aliyezaa nje ya ndoa na kuja kujificha huku ili habari isijulikane. Siku chache tu baada ya kuzaliwa, mtoto alikabidhiwa kwa George Freeman na mkewe, waliokuwa wakiishi Deptford, mwendo mfupi kwa miguu kuelekea magharibi. Freeman alikuwa mpagazi wa samaki katika soko la Billingsgate, naye alikuwa tayari na nyumba iliyojaa watoto. Ukitoka Ashburnham Grove kwenda Deptford unaona bado jinsi tabaka linavyobadilika ndani ya dakika chache: bustani zinatoweka, maduka yanabanana, na kijito cha Deptford Creek kinapita kati ya maghala na karakana. Hapo ndipo Wallace alipojifunza watu. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili hivi, akafanya kazi ya kiwanda cha mpira, ya duka la viatu, ya kupeleka maziwa majumbani, na ya upishi katika meli ya wavuvi wa Grimsby, ambayo aliitoroka.

Billingsgate lenyewe lilihamishwa mwaka 1982 na kupelekwa mashariki ya mji, lakini jengo la zamani bado limesimama kando ya mto kwenye Lower Thames Street, na sanamu za samaki zimewekwa juu ya paa kama vielekeza upepo. Siku hizi linakodishwa kwa karamu na mikutano. Wapagazi waliofanya kazi humo walivaa kofia ngumu za ngozi, bapa juu, zenye ukingo uliopinda ili maji ya samaki yasiwatiririkie usoni, na juu yake walibeba makapu mazito wakipita katikati ya umati kwa matusi na mizaha. Ukisoma riwaya za Wallace za London baada ya kusimama hapa, unaelewa kwa nini wezi wadogo, madereva wa teksi, wauza vyuma chakavu na wafungwa waliotoka gerezani wanazungumza kwa ulimi wao wenyewe hata pale njama inapokuwa ya haraka haraka. Aliandika mbio, ndiyo, lakini alikuwa akiandika juu ya watu aliokula nao. Utafiti wake ulikuwa umekwisha kufanyika miaka ishirini kabla.

Kasi yenyewe hakuipata kwenye riwaya. Aliipata jeshini na kwenye magazeti. Alijiandikisha akiwa na miaka kumi na minane, akatumwa Afrika Kusini mwaka 1896, akanunua uhuru wake kutoka jeshini mwaka 1899, na Vita vya Makaburu vilipoanza akawa mwandishi wa habari za vita, kwanza wa Reuters kisha wa Daily Mail. Kisa kimoja kinaeleza mtu alivyokuwa. Mwaka 1902 wajumbe wa pande mbili walikuwa wakijadili amani huko Vereeniging ndani ya kambi iliyozungushiwa seng'enge, na Lord Kitchener alikuwa amewafungia waandishi habari zote. Wallace alikuwa na rafiki wa zamani wa jeshini miongoni mwa walinzi. Wakapatana: Wallace atapita kwa treni iliyokuwa ikikatiza karibu na kambi, na rafiki yake atapangusa pua kwa leso. Leso nyekundu, hakuna jipya. Ya buluu, mambo yanaendelea. Nyeupe, mkataba utatiwa saini. Leso nyeupe ilipoonekana, London ilipata habari kabla ya bunge kutangaziwa. Kitchener alikasirika, na baadaye Wallace akapigwa marufuku kuwa mwandishi wa vita. Mtu wa akili hiyo hana budi kufanikiwa mahali ambapo ushindi ni wa anayefika kwanza. Tatizo ni kwamba kufika kwanza na kufahamu ni mambo mawili.

Alipewa uhariri wa kwanza wa Rand Daily Mail ya Johannesburg mwaka huohuo, akaishi kitajiri, akarudi London na kwenye kazi ya Daily Mail akiwa na madeni. Riwaya yake ya kwanza, The Four Just Men, aliichapisha mwenyewe mwaka 1905. Alitaka itikise mji, kwa hiyo akatangaza zawadi za pauni 500 kwa wasomaji watakaobaini jinsi waziri alivyouawa ndani ya chumba kilichofungwa na kuzungukwa na polisi. Hakuweka sharti kwamba kila zawadi ina mshindi mmoja tu. Majibu sahihi yakamiminika, na kitabu kilichouzwa kwa maelfu kikamwacha na hasara, hata mwenye Daily Mail, Alfred Harmsworth, akalazimika kumkopesha fedha asiaibike pamoja na gazeti. Miaka miwili mitatu baadaye alifukuzwa kazi, baada ya makosa katika habari zake kuliingiza gazeti katika kesi za kashfa. Sielezi haya ili kumdhalilisha. Ninaona humo tabia ileile: wazo zuri, hesabu isiyofanywa. Tangu hapo deni lilikuwa ndilo bwana wake, na deni halingoji mtu afikiri.

Ni katika kipindi hicho, mwaka 1907, Daily Mail lilipomtuma Kongo. Nchi yote ilikuwa bado mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na habari za watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira zilikuwa zimekwisha enea Ulaya. Kutoka safari hiyo, na kwa kutiwa moyo na mhariri wa jarida la hadithi la kila wiki, zilizaliwa hadithi za Sanders. Kitabu cha kwanza, Sanders of the River, kilitoka 1911, kikafuatwa na vingine vingi vya mfululizo huo. Yeye aliona Kongo, lakini hadithi alizihamishia Afrika Magharibi ya Waingereza, kando ya mto usio kwenye ramani yoyote. Kamishna Sanders, ambaye wazee wetu wangemwita Bwana DC, anazunguka kwa boti ya mvuke, anatoa hukumu, anachapa, ananyonga, na makabila yanamheshimu kama watoto wanavyomheshimu baba mkali. Akiondoka kidogo tu, watu wanashika mikuki na kuanza kuuana. Mtu aliyetumwa kuchunguza ukatili wa wazungu dhidi ya Waafrika alirudi na hadithi ambazo ndani yake mzungu ndiye tiba ya ukatili wa Waafrika.

Hilo lilitokeaje? Hakuwa mtu katili, na maisha yake yote alikuwa mkarimu kwa maskini. Naamini jibu ni kasi. Msomaji wa Kiingereza wa 1911 alikuwa ameshafundishwa mambo mawili: kwamba Leopold ni mwovu, na kwamba Mwingereza anatawala kwa haki. Ukweli wa Kongo ungeweza kumfanya msomaji huyo aulize kama kutawaliwa kwenyewe si ndiyo jeraha. Swali hilo linahitaji kukaa nalo. Hadithi ya wiki haina nafasi ya kukaa. Wallace akachukua kile kilichokuwa tayari kichwani mwa msomaji, akakipa mto, boti, ngoma na kitendawili cha kufumbua, na hadithi ikaenda. Jambo moja tu lilimponyoka, na ndilo linalonishawishi zaidi kwamba niko sahihi. Ni Bosambo, mfungwa aliyetoroka gereza la Liberia akajipachika uchifu. Bosambo ana ulimi, ana hila, anamsoma Sanders kuliko Sanders anavyomsoma yeye, anakula kote kote na anapendeza. Katika kurasa hizo zote ndiye Mwafrika pekee anayeonekana kuwa na mambo yake mwenyewe kichwani. Na ukimtazama vizuri, ni mjanja wa Deptford. Wallace alimjua mtu huyo tangu utotoni. Pale alipokuwa na mtu anayemjua, hata mbio hazikumzuia kumpa akili.

Nitaambiwa kwamba namhukumu mtu wa 1911 kwa macho ya leo. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linashindwa na tarehe. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alipanda mto Kongo mwaka 1903 kwa wiki kadhaa, akashuka kijiji baada ya kijiji, akaandika maneno ya wakimbizi na ya waliokatwa mikono, na ripoti yake ikatolewa 1904. Mmishenari Alice Seeley Harris alipiga picha ambazo zilionyeshwa kumbini kote Uingereza. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli, alihesabu shehena bandarini Antwerp: meli zilileta mpira na pembe, zikarudi na bunduki na risasi, bidhaa za kulipia hakuna. Akajua kwamba watu hawalipwi. Wote hao walikuwa wa zama za Wallace, na hakuna aliyehitaji macho ya karne ya ishirini na moja. Walihitaji kukaa, kuhesabu, kusikiliza na kuandika majina. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mtindo wa kazi wa Wallace haukumruhusu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Joseph Conrad aliandika polepole, kwa kuumwa, sentensi kwa sentensi, na Heart of Darkness yake imetoka Kongo hiyohiyo. Hata hivyo Chinua Achebe, katika mhadhara wake maarufu wa 1975, alionyesha kwamba humo pia Mwafrika hana sauti wala sura ya mtu kamili. Basi upole wa kalamu umesaidia nini? Nakubali kwamba upole si dawa. Mtu anaweza kukaa na dhana mbovu miaka kumi na kuisugua mpaka ing'ae. Lakini kitabu cha Conrad kina shaka ndani yake. Msimulizi hana hakika na Ulaya, hana hakika na anachokiona, hana hakika hata na maneno yake, na ndiyo maana Achebe aliona inafaa kubishana nacho. Kwa Sanders hakuna cha kubishana nacho, kwa sababu hakuna mahali mwandishi alipojiuliza kitu. Upole hautoi hakikisho. Unatoa nafasi tu, na Conrad aliitumia nusu.

Pingamizi la tatu nimekutana nalo Essex Street, mtaa mwembamba unaoteremka kutoka Strand kuelekea mtoni. Kwenye kona kuna baa ya zamani iliyoitwa Essex Head kabla ya kupewa jina la Edgar Wallace katika miaka ya 1970. Ilikuwa maarufu kabla yake: mwaka 1783 Samuel Johnson, mtunga kamusi, alianzisha hapa klabu ya rafiki zake. Sasa, Johnson huyu aliandika Rasselas, kisa cha mwana wa mfalme wa Uhabeshi, katika jioni za juma moja mwaka 1759, ili alipe gharama za mazishi ya mama yake. Kitabu kilichoandikwa kwa juma moja, kwa ajili ya fedha, juu ya Afrika, na bado kinasomwa na wenye kufikiri. Je, si kinavunja hoja yangu? Nimeipima, na naona kinaiimarisha. Johnson alikuwa amefasiri safari ya padri Mreno Jerónimo Lobo huko Uhabeshi na kuichapisha 1735, miaka ishirini na minne kabla. Swali la kitabu chake, kama furaha inapatikana duniani, lilikuwa limemkaa kifuani maisha yake yote. Mkono ulikwenda mbio. Akili ilikuwa imeshatembea polepole. Ni sawasawa na Wallace kwa watu wa Deptford, na ni kinyume cha Wallace kwa watu wa Kongo.

Jinsi alivyofanya kazi katika miaka ya 1920 inajulikana vizuri, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Alikuwa na nyumba ya ghorofa karibu na Baker Street. Alikaa na kanzu ya nyumbani kwenye kiti ndani ya kizimba cha vioo kilichomkinga na upepo, kwa sababu alichukia baridi. Mdomoni alikuwa na kishikio cha sigara kirefu sana, mezani chai yenye sukari tele iliyokuwa ikiletwa kila nusu saa mchana na usiku. Hakuandika kwa mkono wala hakupiga taipu. Alizungumza kwenye mashine iliyonasa sauti katika silinda za nta, na katibu wake Robert Curtis, mmoja wa wapiga taipu wenye kasi kubwa nchini, akazigeuza kuwa kurasa. Riwaya nzima ingeweza kumalizika kati ya Ijumaa na Jumatatu. Tamthilia yake On the Spot ya 1930, iliyotokana na ziara yake Chicago, mji wa Al Capone, aliitunga kwa siku nne. Kusahihisha hakukupenda. Ukiangalia utaratibu huo unaona kwamba maneno yalitoka kinywani yakafika kiwandani bila kupita tena machoni pake. Shaka humjia mwandishi anaposoma alichoandika jana. Wallace alikuwa ameiondoa jana hiyo.

Wapo watakaosema haya yote ni dharau ya wasomi kwa vitabu vya watu wa kawaida. Naomba nisieleweke hivyo. On the Spot ni kazi nzuri, na tamthilia yake The Ringer ya 1926 ilijaza ukumbi wa Wyndham's kwa sababu alijua kumfanya mtazamaji akae ukingoni mwa kiti bila kumdanganya. Aliwapa wafanyakazi wa London kitu cha kusoma kwenye treni ambacho kiliwatambua kuwa wapo. Aina ya hadithi haina kosa. Nasi tuna Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi anayesafiri Afrika akipambana na majasusi wa Makaburu, na vitabu vile vilisomwa mpaka vikachanika kwa sababu viliibeba imani ya wasomaji wake, imani ya ukombozi. Musiba alifanya alichofanya Wallace: alichukua kilichokuwa kifuani mwa msomaji akakipa bunduki na mbio. Tofauti ni imani gani ilikuwa kifuani humo. Hadithi ya kasi ni chombo kinachokwenda upande ambao maji tayari yanakwenda, na George Orwell, aliyekuwa polisi wa kikoloni Burma akayaona maji hayo kwa ndani, aliandika mwaka 1944 kwamba Wallace alikuwa akiabudu ubabe, akimshangilia polisi kwa sababu tu ana nguvu za dola nyuma yake. Orwell alikuwa akizungumzia riwaya za London. Ukienda mtoni kwa Sanders unakuta jambo lilelile bila kifuniko.

Ushahidi mwingine ni jinsi kazi zake zilivyoishi baada yake. Uingereza yenyewe imemsahau kwa kiasi kikubwa. Ujerumani haikumsahau. Kuanzia 1959 hadi 1972 kampuni ya Rialto ilitengeneza filamu zaidi ya thelathini zenye jina lake, nyingi zikipigwa Hamburg na Berlin, zenye ukungu wa London ya kubuni, wauaji wenye vinyago na uso wa Klaus Kinski ukichungulia dirishani. Wajerumani hawakuhitaji sentensi zake. Walichukua mifupa ya njama na kuivika nyama nyingine. Na Marekani walifanya hivyo kwa King Kong. Wallace alikwenda Hollywood mwishoni mwa 1931, akiwa na madeni makubwa na ameshindwa uchaguzi wa ubunge huko Blackpool, akaajiriwa na RKO. Katika wiki chache akatoa mswada wa sokwe mkubwa aletwaye New York. Tarehe 10 Februari 1932 alikufa kwa nimonia juu ya kisukari ambacho hakuwa akijua kuwa anacho. Waandishi wengine waliuandika upya mswada huo, na filamu ikatoka 1933 na jina lake likiwemo. Kisiwa kinachoonekana mle, na watu wake weusi wanaocheza ngoma na kutoa wasichana kafara, hakikuhitaji mwandishi yeyote kukifikiri. Kilikuwa tayari kichwani mwa kila aliyenunua tiketi.

Kaburi lake liko Little Marlow, kijiji cha Buckinghamshire. Treni kutoka Paddington inakufikisha Maidenhead, kisha kitreni kidogo cha njia moja kinapita Cookham hadi Bourne End, ambako alikuwa na jumba lake la Chalklands. Ni nchi ya mabustani yanayoteremka hadi Thames, mto uleule wa Deptford, huku ukiwa safi na wa mashua za starehe. Mwili wake uliletwa kwa meli hadi Southampton, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na Fleet Street ikapigiwa kengele. Aliacha deni la takriban pauni 140,000, sehemu kubwa ikiwa ni ya mbio za farasi na ya maisha ya kifahari, na mauzo ya vitabu vyake yakalilipa ndani ya miaka michache. Wanaomtetea huutaja ukweli huu kama ushindi. Naona ni maelezo tu ya kwa nini hakuweza kusimama.

Mahali pa mwisho ni Shepperton, nje kidogo ya London upande wa kusini-magharibi, treni ya kutoka Waterloo inakoishia. Hapa, karibu na Thames, mwaka 1934 ndugu wa Korda, Alexander mtayarishaji na Zoltan mwongozaji, walijenga kijiji cha Kiafrika kwa ajili ya filamu ya Sanders of the River. Zoltan alikuwa amesafiri Afrika miezi kadhaa akipiga picha za ngoma, mitumbwi na wanyama, zikaja kuunganishwa na maigizo ya hapa. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mkubwa wa Marekani, alikubali kucheza Bosambo kwa sababu alishawishika kwamba filamu itaonyesha utamaduni wa Waafrika kwa heshima. Ilipotoka 1935 alikuta imekuwa wimbo wa kuwasifu watawala wa kikoloni, na baadaye akaikana hadharani. Kumbuka kwamba Wallace alikuwa amekufa miaka mitatu kabla, na watengenezaji walikuwa na fedha, muda na nia njema ya mwigizaji wao mkuu. Bado mifupa ya hadithi iliwavuta kurudi palepale. Dhana iliyowekwa kwa haraka inakuwa ngumu kuing'oa, kwa sababu njama yote imesimama juu yake: bila Afrika inayolipuka Sanders akiondoka, hakuna hadithi.

Miongoni mwa Waafrika waliokusanywa kucheza wanakijiji na machifu alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa London kutetea ardhi ya Wagikuyu na aliyekuwa, kama Waafrika wengi wa London wakati ule, na shida ya fedha. Wapo wanaolitaja hilo kumwaibisha. Sioni aibu katika ujira wa mtu mwenye njaa. Linalonishughulisha ni alichofanya baadaye. Aliingia katika semina za Bronislaw Malinowski katika chuo cha London School of Economics, akaandika, akajadiliwa, akaandika tena, na mwaka 1938 akatoa Facing Mount Kenya, kitabu kinachoeleza ukoo wa Wagikuyu, umiliki wao wa ardhi, malezi, ndoa na utawala. Kina mapungufu yake, na wanahistoria wamekikosoa kwa kupamba mambo ya zamani. Lakini katika sura ya ardhi kuna kisa cha tembo aliyeomba kuingiza mkonga tu katika kibanda cha mtu wakati wa mvua, akaishia kumtoa mwenye nyumba, na mfalme wa msitu akaunda tume ya uchunguzi ambayo wajumbe wake wote ni wanyama. Mwenye kibanda anapojaribu kueleza, anakatizwa na kuambiwa ajibu anachoulizwa tu. Huyo ndiye mtu aliyekosekana katika vitabu vyote vya Sanders, mwanakijiji anayesimama mbele ya boti ya kamishna akiwa na shauri lake kamili kichwani. Kenyatta aliweza kumwandika kwa sababu alikuwa amekulia naye, kama Wallace alivyokulia na wapagazi wa Billingsgate, na kwa sababu alijipa miaka ya kumfikiria kabla ya kumpeleka kiwandani.